Maua Yaliyopandwa na Vibarua

Katika vijiji vya Cotswolds, magharibi ya Oxford, ukuta wa mbele ya nyumba mara nyingi hufika kiunoni tu. Umejengwa kwa mawe ya chokaa yaliyopangwa moja juu ya jingine bila saruji, na juu yake hapana seng'enge wala vigae vya chupa. Mpita njia anaona yote: waridi lililopanda hadi dirisha la ghorofani, kabichi, vitunguu, toroli lililoegeshwa, paka aliyelala juu ya gunia la mboji. Maua mengi yamepandwa upande wa barabarani, mahali ambapo mwenye nyumba akiwa jikoni kwake hayaoni. Yamepandwa kwa ajili yako wewe unayepita. Ukisimama ukatazama, hakuna atakayetoka kukuuliza unatafuta nini. Akitoka mtu, atakutajia jina la ua.

Nilikwenda huko nikiwa na picha ya bustani za Uingereza niliyoizoea kwenye kalenda na filamu: kasri, nyasi zilizokatwa sawasawa, chemchemi, bwana mkubwa na mbwa wake. Bustani hizo zipo, na baadhi ni nzuri mno. Lakini kilichoniteka, na ninachotaka kukisifu hapa, ni kile kipande cha ardhi kati ya mlango na barabara, chenye upana wa hatua chache, kinachotunzwa na karani mstaafu, muuguzi, fundi bomba au mwalimu. Uzuri wa pale ulianzia kwenye vibanda vya vibarua wa mashambani, na wenye makasri ndio waliokwenda kujifunza kwao.

Safari yenyewe ni nyepesi. Treni kutoka Paddington, London, hufika Moreton-in-Marsh kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na ukishuka siku ya Jumanne utakuta gulio. Kutoka hapo basi hupita vijijini hadi Chipping Campden, mji mdogo uliotajirika kwa biashara ya sufu katika zama za kati. Nenda mwezi wa Juni. Jua la huko wakati huo huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na halizami mpaka karibu saa tatu na nusu usiku. Mtu anatoka kazini saa kumi na moja jioni, anakunywa chai, na bado ana saa nne za mwanga mbele yake. Jambo hili linaeleza mengi. Ndizo saa ambazo kibarua wa karne ya 19, aliyeshinda akilima shamba la mwingine, alizitumia kulima la kwake. Leo, ukitembea kijijini baada ya chakula cha jioni, utasikia mikasi ikikata, maji yakimwagwa kwa kopo, na watu wawili wakizungumza kutoka pande mbili za ukuta kuhusu koa waliomaliza miche ya saladi usiku uliopita. Waingereza wanajulikana kwa kutomzoea mgeni upesi. Ukiwauliza habari za koa, mazungumzo yatakwenda mpaka giza liingie.

Kuna bustani moja niliyoitazama kwa muda mrefu kuliko nyingine zote, nayo ilikuwa miongoni mwa zilizo ndogo kabisa. Njia ya matofali ilitoka getini moja kwa moja hadi mlangoni, na pande zake mbili hapakuwa na udongo ulioachwa wazi hata wa kuweka kiganja. Nyuma, ukutani, zilisimama holihoki zilizomzidi mtu kimo. Mbele yake delfinia za buluu, kisha foksigilavu yenye vikombe vya zambarau vilivyojaa madoa kwa ndani. Mmea huo una sumu, na ni huohuo ambao daktari William Withering aliandika habari zake mwaka 1785 baada ya kuona unavyowasaidia watu waliojaa maji mwilini. Dawa ya moyo inayotokana na jamii yake ingali inatumika hospitalini. Katikati ya maua hayo zilichomekwa fito ndefu, zimefungwa pamoja kileleni, na maharagwe yenye maua mekundu yakizipanda. Asili ya maharagwe hayo ni Amerika, na yalipofika Uingereza watu waliyapenda kwanza kwa ua, kabla hawajazoea kula ganda lake. Chini ya waridi kulikuwa na vitunguu saumu. Kwenye nyufa za matofali ilijiotea zaatari, na kila ulipoikanyaga ilinukia.

Mtu asiyejua angesema hapa vitu vimetupwa tu. Kumbe mpango upo, ila unafuata miezi. Vimaua vyeupe vinavyochomoza kwenye baridi ya Januari na Februari hufuatwa na dafodili za Machi, kisha tulipu, kisha waridi la Juni, na hivyo mpaka dalia za Septemba. Kila kimoja kinapochoka, kingine kimeshanyanyuka kufunika majani yake yanayonyauka. Mwishoni mwa Mei wapo wanaokata nusu nzima ya mashina ya mimea fulani iliyo katika nguvu zake. Ukiwaona utadhani wana wazimu. Mmea uliokatwa hivyo hutoa matawi mengi, huchelewa kuchanua, na hauangushwi na upepo wa Agosti. Desturi hiyo wameipa jina la Chelsea, maonyesho makubwa ya maua yanayofanyika London wakati huohuo wa mwaka tangu 1913.

Pale pale njiani nikanusa karafuu. Mimi ni mtu wa Muheza, na karafuu za Pemba nimezinusa tangu utotoni. Harufu ile siwezi kuikosea. Nikainama, nikakuta ua dogo jeupe lenye kingo zilizochanikachanika, limejilaza ukingoni, majani yake membamba ya rangi ya majivu. Ni jamii ya karnesheni, na harufu yake inatokana na eujenoli, kitu kilekile kilichomo ndani ya mafuta ya karafuu zetu. Aina ile huitwa Mrs Sinkins. Ilizalishwa katika karne ya 19 huko Slough, karibu na Windsor, ndani ya nyumba ya maskini, yaani mahali walikopelekwa watu wasio na chakula wala makazi wafanyishwe kazi ili wapewe mkate. Msimamizi wa nyumba hiyo ndiye aliyelikuza ua akalipa jina la mkewe. Nyumba kama zile zilikuwa mahali pa kutisha kuliko pote kwa Mwingereza mnyonge, na kutoka humo limetoka ua linalonukisha njia za watu hadi leo.

Mwenye bustani, bibi mmoja mwenye udongo magotini, aliniona nimeinama akatoka. Aliniita mpenzi, kama wazee wa huko wanavyomwita hata wasiyemjua, akaniuliza kama nimewahi kuona ua lile linavyozidishwa. Nikasema bado. Akashika shina kwa mkono wa kushoto, chini ya kifundo, na kwa vidole viwili vya kulia akavuta kichipukizi cha juu. Kikachomoka bila kisu, kimekatika safi pale kifundoni. Akakichomeka kwenye chungu chenye udongo uliochanganywa na mchanga mwingi, pembeni kabisa, kwani alisema kikiegemea ukuta wa chungu huota mizizi upesi. Akafanya hivyo tena na tena mpaka akakizunguka chungu kizima. "Ngoja wiki tatu, nne," alisema. "Vingine vitakufa. Ndiyo maana unapanda vingi. Vikipona vyote, majirani wapo." Mmea mama alipewa na mama mkwe wake, naye hakumbuki mama mkwe aliupata wapi.

Hivyo ndivyo bustani hizi zilivyoenea, kwa kupeana, kwa sababu waliozianzisha hawakuwa na fedha ya kununua. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha zaidi ya sheria 5,000 za kuzungushia uzio ardhi ambayo wanavijiji walikuwa wakiitumia kwa pamoja, ekari zaidi ya milioni 6. Familia iliyokuwa na ng'ombe wake mmoja kwenye malisho ya wote, ikichanja kuni na kufuga bata bukini, ilijikuta imebaki na ujira wa kibarua na kipande cha ardhi mlangoni. Kipande hicho kikabeba mzigo wote: viazi na kabichi, banda la nguruwe, mzinga wa nyuki, majani ya dawa ya kikohozi na ya tumbo, na pembezoni, ua. Flora Thompson, aliyezaliwa 1876 katika kitongoji cha Juniper Hill, Oxfordshire, aliyasimulia maisha hayo katika kitabu chake Lark Rise cha mwaka 1939. Wanaume walitoka kwenye shamba la tajiri wakaingia kwenye mboga zao. Wanawake walikuwa na sehemu yao ya maua na mimea ya dawa. Na hakuna aliyetoa senti kununua ua, bali mizizi na vipandikizi vilipita mkono kwa mkono. Nikiyakumbuka hayo siwezi kuiona bustani ya kijijini kama pambo. Kila ua lililosalia ni ua ambalo mtu mwenye njaa aliona linastahili kukaa mahali ambapo pangekaa kiazi.

Matajiri wa enzi za Malkia Victoria walikuwa na mtindo wao. Walikuza maelfu ya miche kwenye vitalu vya kioo, wakaitandaza nje kwa michoro ya duara na nyota, msimu ukiisha wakaing'oa yote. William Robinson, mtunza bustani aliyetoka Ireland, aliushambulia mtindo huo katika maandishi yake, na Gertrude Jekyll wa Surrey akaonyesha kwa vitendo kinachoweza kuchukua nafasi yake. Jekyll, aliyeishi kati ya 1843 na 1932, alisomea uchoraji kabla macho hayajamsumbua. Alizunguka vichochoro vya Surrey akitazama bustani za vibarua, akatwaa mimea yao na namna yao ya kuichanganya, akaitumia katika bustani karibu 400 alizochora, na aliandika bila kuficha kwamba kwao amejifunza mengi. Namheshimu sana kwa kulisema hilo. Si wasanii wengi wa daraja lake waliomtaja mwalimu aliyeishi kwenye kibanda cha nyasi.

Kilomita sita hivi kutoka Chipping Campden iko Hidcote, bustani ambayo Lawrence Johnston, mtoto wa familia tajiri ya Kimarekani, alianza kuitengeneza 1907. Aliigawa kwa ua wa miti iliyokatwa wima, ukitoka chumba kimoja cha kijani unaingia kingine, na ndani ya vyumba hivyo akapanda vitu vilevile vya mlangoni kwa kibarua, kwa wingi ambao kibarua hangeuweza. Johnston alisafiri mbali kutafuta mimea, na mwaka 1929 alifika hadi Kilimanjaro. Tangu 1948 Hidcote iko mikononi mwa National Trust, shirika la kuhifadhi urithi, na mtu yeyote hulipa kiingilio akaiona. Ni mahali pa kushinda siku nzima. Mimi nilitoka saa nane nikarudi kijijini, kwenye kuta za kiunoni.

Campden kwenyewe kuna bustani ndogo ya kumbukumbu ya Ernest Wilson, mwenyeji wa hapo, naye wa 1876 kama Flora Thompson. Alianza kama mwanagenzi wa bustani, akapelekwa China kutafuta mbegu. Mwaka 1910, kwenye bonde la mto Min huko Sichuan, maporomoko ya mawe yalimvunja mguu akiwa amefuata balbu za yungiyungi jeupe. Wenzake walimfunga mguu kwa miti ya kamera yake. Njia ilikuwa nyembamba, na msafara wa nyumbu uliokuwa ukija haukuwa na pa kugeukia, kwa hiyo alilazwa chini na nyumbu wakamruka mmoja mmoja. Alichechemea maisha yake yote. Lile yungiyungi sasa utaliona kwenye vyungu mbele ya milango ya watu wa kawaida, na jioni harufu yake inafika barabarani.

Kwetu nako Waingereza wamechukua mimea. Ua la kivulini linaloitwa na wataalamu Impatiens, linaloota lenyewe kando ya vijito vya Afrika Mashariki, lilipelekwa London kutoka Zanzibar na John Kirk, balozi wa Uingereza huko, na mwaka 1882 likapewa jina la kumheshimu Sultani. Aliyekuwa akitawala ni Sayyid Barghash. Kwa miaka mingi lilijaza makopo ya madirishani Uingereza nzima, mpaka ugonjwa wa ukungu ulipolipiga vibaya karne hii. Na zile violeti ndogo za zambarau zinazokaa dirishani kwa bibi kizee wa Kiingereza, karibu na kijiko cha sukari, ni za Usambara, milima ninayoiona kutoka nyumbani. Afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, alizikuta huko mwaka 1892, na mbegu zikafika Ulaya. Nimewakuta watu wanaojua kuzizidisha kwa jani moja tu lililochomekwa kwenye udongo, na hawajui zilikotoka. Niliwaambia. Walinishukuru kana kwamba nimewaletea habari za ndugu.

Jambo la kumfurahisha msafiri ni kwamba milango inafunguka. Nje ya mageti mengi kuna kimeza chenye miche ya nyanya, mayai, vichupa vya jamu, na kopo lenye tundu la sarafu. Muuzaji hayupo, unachukua, unalipa, unakwenda zako. Na mwisho wa wiki utaona mabango ya manjano njiani. Hayo ni ya National Garden Scheme, mpango ulioanza 1927 ili kupata fedha za wauguzi waliokuwa wakiwatembelea wagonjwa majumbani, wakati ambapo hapakuwa na matibabu ya bure ya serikali. Mwaka ule wa kwanza bustani 609 zilifunguliwa kwa shilingi moja kila mtu, zikakusanya zaidi ya pauni 8,000. Mpango ungali hai, bustani zimeshapita 3,000, na fedha bado zinakwenda kwa wauguzi na kwa wanaohudumia wagonjwa mahututi. Unaingia, unazunguka, unakunywa chai na keki iliyookwa na jirani. Mwenye bustani anasimama karibu na ua ambalo anatamani uliulize. Uliulize.

Asiye na bustani mlangoni hukodi kishamba. Sheria ya 1908 ilizitaka halmashauri ziwapatie watu vishamba hivyo pale wanapohitaji, na kipimo cha kawaida hadi leo ni fito kumi za kale, mita za mraba 250 hivi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vilifika kama milioni 1.4, na mboga zilipandwa hata kwenye handaki linalozunguka Mnara wa London. Mgao wa chakula ulikwisha 1954, lakini mazoea ya kula ulichokilima hayakwisha.

Agosti nilipanda kaskazini, Yorkshire, kwa treni inayofuata bonde la Esk, nikashuka Egton. Kijiji cha Egton Bridge kina mashindano ya gusiberi tangu mwaka 1800, Jumanne ya kwanza ya Agosti, katika ukumbi wa shule. Gusiberi ni tunda dogo chachu la kichaka chenye miiba, ambalo watu wengine hulipikia jamu na kulisahau. Hapa hupimwa kwenye mizani kwa vipimo vya zamani, dramu na greni, na mwaka 2019 moja lilivunja rekodi ya dunia kwa kupita gramu 64, uzito wa yai la kuku. Ili kufika hapo mkuzaji huanza kazi majira ya baridi kwa kupogoa, kisha huyatoa matunda machanga karibu yote na kuacha machache tu kichakani, huyalinda na nyigu na ndege, na hukesha akiombea mvua isije kwa mkupuo, maana tunda lililonenepa likinywa maji mengi hupasuka usiku wa kuamkia shindano. Zamani mashindano kama haya yalikuwa ya wafumaji wa vitambaa wa kaskazini, watu wenye uwanja usiozidi kichaka kimoja au viwili, na umakini ule wa fundi anayefanya kazi kwa mikono bado unauona. Ukumbi ulinyamaza kila tunda lilipowekwa kwenye sahani ya mizani.

Baada ya kupima, kwenye chai, mkuzaji mmoja mzee aliniuliza sisi kwetu tunakuza nini. Nikamwambia mafenesi, na kwamba moja linaweza kupita kilo 30, nalo linaota kwenye shina lenyewe la mti. Akaweka kikombe chini, akamwita mwenzake, wakavuta viti. Walitaka kujua mti huchukua miaka mingapi kuanza kuzaa, tunaweka samadi gani, na kama huwa tunatoa machanga ili yanayobaki yanenepe.